Kichwani pa Kalafi

Jumatatu, 6 Agosti

Kalafi amekufa. Alfajiri, hospitalini, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Mwanawe Sosaia ndiye aliyeniletea habari. Hakupiga hodi. Alisimama uani akilia kama mtoto — mtu mwenye miaka arobaini na mitano na upara! — nami nikajua.

Ndugu yangu. Nilimwachia ziwa la mama.

Nimekaa barazani na chai haijanyweka. Najaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomtazama usoni kwa karibu. Sikumbuki. Tangu sauti yake ilipokuwa nzito, hatukukaa tena chumba kimoja. Akiingia yeye kusikiliza redio, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Ndivyo tulivyolelewa, ndugu wa kike na wa kiume, na ndivyo tulivyozeeka. Mwaka huu alipougua nilikuwa nampelekea supu, nakisikia kikohozi chake nyuma ya ukuta. Anauliza, "Nani kaleta?" Wifi yangu Pisila anajibu, "Dada yako." Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa mazungumzo yetu.

Ninachokumbuka vizuri ni kichwa chake. Tulipokuwa wadogo mama alinipa kazi ya kumchana. Nywele zake zilikuwa na vizunguko viwili utosini, kimoja kikienda kulia na kingine kushoto, kitana hakijui kifuate kipi. Alikuwa akipiga kelele hadi majirani wanacheka.

Alhamisi ataletwa nyumbani, atalazwa juu ya mikeka, na mimi nitaketi kichwani pake. Hiyo ndiyo nafasi ya fahu, dada wa marehemu, aliye juu ya watoto wote wa marehemu. Watu wakimwona fahu huona mikeka mizuri na ngatu anazopewa, vile vitambaa vya magome vyenye urefu wa chumba. Wachukue. Mimi nataka kukaa tu. Maisha mazima nimetoka kwa mlango wa jikoni; mila hii hii iliyonitoa ndiyo inayonirudisha, mara moja, mahali ambapo naweza kumtazama ndugu yangu nitakavyo na hakuna wa kuniambia nisogee.

Lupe hajaja. Ametuma ujumbe kwenye simu: "Pole sana Shangazi. Mipango yote niachie mimi."

Mipango yote! Mara ya mwisho Lupe alipopanga, nilipoteza darasa langu.

Jumanne, 7 Agosti

Acha niandike kwa utaratibu.

Kikao cha familia, nyumbani kwa Pisila. Lupe alikaa katikati na simu mbili. Ni binti wa kwanza wa Kalafi. Alikulia nusu kwake, nusu kwangu. Nilimfundisha kusoma, kisha nikamfundisha chuoni somo langu: jinsi madaraka yanavyokaa ndani ya jamii, nani anahesabiwa kuwa na elimu, kwa nini wa juu yuko juu na wa chini anamsaidia kukaa huko. Nilimpa alama za juu kabisa nilizowahi kutoa. Akaenda ng'ambo, akarudi na shahada ya udaktari, akawa mkuu wa idara yangu. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya walimu wote, bakuli la kava, kinywaji cha mizizi tunachonywa vikaoni, likiwa katikati yetu, alitangaza kwamba somo langu limefutwa. Aliliita "elimu ya manung'uniko". Mahali pake akaweka Uongozi na Biashara. Mtukufu wa kijiji chetu, mwenye ardhi yake yote na mwenyekiti wa baraza la chuo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikunywa kikombe changu nikaenda nyumbani. Watu walidhani kimya changu ni msamaha.

Leo akasema, "Shangazi, Bibi Heuifanga amekubali kuketi kichwani pa Baba."

Bibi Heuifanga ni dada wa mtukufu. Na baada ya wiki mbili, Jumatano ya tarehe 22, Lupe anasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeijumlisha.

Pisila akashtuka. "Mwanangu, lakini wifi yangu yupo hapa, mzima—"

"Mama, Shangazi ana nafasi yake. Hema la wageni wa heshima, mstari wa mbele."

"Kiti cha plastiki au cha mbao?" akauliza Sosaia.

"Sosaia, nyamaza."

"Nauliza tu, dada. Kama tunaliuza kaburi la Baba, tujue angalau Shangazi kapata kiti gani."

"Ni heshima kwa ukoo mzima!" Lupe akageukia kwangu, sauti ikashuka, ikawa tamu. "Na Shangazi si mtu wa kushikilia mambo haya. Ndiye aliyenifundisha. Wiki ya tatu, Shangazi, unakumbuka? Mila si mlima, mila ni nyumba. Imejengwa na watu, na watu wanaweza kuuhamisha mlango. Nakunukuu."

Wote wakanitazama. Hata mzee Vaka, msemaji wa ukoo, aliyekuwa kana kwamba amesinzia ukutani.

"Umenukuu sawasawa," nikamwambia. "Na wiki ya nne?"

"Wiki ya nne?"

"Wiki ya nne tuliuliza: anayeuhamisha mlango, anaufungulia upande wa nani?"

Simu moja ililia, akaipokea. Simu za watu wakubwa hulia wakati mzuri.

Sikugombana. Nilimbusu Pisila, nikavaa kandambili zangu, nikaondoka. Sosaia alinifuata hadi barabarani. "Shangazi, sema neno moja tu. Neno moja! Vaka atasimama, na huyo bibi hatathubutu kukanyaga uwanja wetu."

Nikasema, "Mwache aketi."

Hakunielewa. Hajasoma kwangu, masikini.

Jumatano, 8 Agosti

Vaka amekuja mwenyewe, na mkongojo wake. Alikunywa chai vikombe vitatu kabla ya kufungua mdomo. Ndiyo adabu ya wasemaji.

"Mwalimu, kazi yangu kesho ni kutangaza nani anaketi wapi. Nikitangaza jina la yule bibi nitakuwa nimedanganya mbele ya maiti. Nasaba naijua. Babu yao na babu yako hawakuhusiana hata kwa mbwa."

"Unaijua, Vaka. Na mimi naijua. Na Lupe pia."

"Basi?"

Nikamweleza, kwa sababu siwezi kuacha kueleza. Kujua ni jambo moja. Kuaminiwa ukisema unachokijua ni jambo la pili. Na kuwepo mtu mwenye nguvu anayetaka kisemwe, ni la tatu. La kwanza bila mengine mawili ni vumbi tu. Vaka anajua nasaba za kijiji kizima, lakini paa lake liko katika ardhi ya mtukufu. Akisimama kesho kumpinga dada wa mtukufu, mwakani atakuwa akitafuta pa kulima viazi vikuu.

Akakiweka kikombe chini. "Kumbe ndiyo uliyokuwa ukiwafundisha?"

"Ndiyo haya."

"Ndiyo maana wakayafuta."

Tulicheka. Nilihitaji kucheka.

Kisha nikamwambia: litangaze jina la yule bibi, kwa sauti yako kubwa kuliko zote. Kila mtu asikie kwamba Lupe ndiye aliyechagua. Akanitazama kwa jicho moja, lile zima.

"Mwalimu, unapika nini?"

"Magimbi," nikasema.

Alhamisi, 9 Agosti

Wamemleta. Nilimwona kwa mbali, kutoka hemani. Kitambaa cheupe, soksi nyeupe. Kichwani pake pamewekwa mto mwekundu wa Bibi Heuifanga. Mto! Bibi mwenyewe hakufika. Atakuja kesho. Ndugu yangu amelala usiku wake wa mwisho hapa duniani na mto mtupu kichwani.

Kwaya inaimba. Sauti ya Lupe iko juu ya zote, anaongoza nyimbo kwa bidii ya mtu anayejua anatazamwa. Nywele amezifungua kama binti wa marehemu anavyotakiwa, zinamfika kiunoni. Nywele hizo zimo hata kwenye bango la chuo pale njia panda.

Leo sina la kueleza.

Ijumaa, 10 Agosti

Tumemzika.

Nimerudi na nguo zinanuka moshi, na vidole vimepasuka. Naandika kabla sijaoga, nisije nikasahau hata punje.

Asubuhi nilivaa mkeka wa kiunoni. Huu hueleza cheo bila maneno: walio juu ya marehemu huvaa mkeka mzuri, laini, mwembamba, walio chini yake huvaa mikuukuu, mikubwa, iliyochanika, hadi wanafanana na marundo ya makuti. Mimi niko juu ya Kalafi. Nilivaa mkuukuu kuliko yote niliyokuwa nayo, ule niliokuwa nafunikia kuni.

Sikwenda kwenye hema la wageni wa heshima. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye matanuri ya shimoni, wanakofanya kazi watu wa chini wa msiba — watoto wa marehemu, wakwe, wanaochinja nguruwe na kumenya magimbi na wasiomwona maiti hadi mwisho. Nikaketi chini, nikachukua kisu na gimbi.

Kelele zote zilikatika. Niliusikia moto.

"Shangazi!" Sosaia alikuwa amebeba nguruwe begani, alimwangusha. "Shangazi, inuka! Unatuua!"

"Namenya magimbi."

"Naona! Ndiyo maana nasema unatuua!"

Wanawake walianza kulia. Mmoja akajaribu kunipokonya kisu, nikampiga kofi la mkononi, taratibu, kama darasani. Nikawaeleza: kichwani pa marehemu pana mwenyewe, basi mimi si fahu. Na kama si fahu, si mtu wa juu. Mtu asiye wa juu anakaa wapi? Hapa. Nilichofanya ni kufuata mpango wa Lupe hadi mwisho wake. Mwanafunzi wangu alianza hoja, mwalimu wake ameimalizia.

Habari ilizunguka nyumba ikaingia hemani. Wakaanza kuja kuchungulia. Kwanza watoto, kisha kina mama wa kanisa, kisha mchungaji mwenyewe, akajifanya anatafuta maji. Kila aliyerudi mbele alirudi na uso mwingine. Nilimsikia Vaka akitangaza kule mbele, sauti kubwa kuliko zote kama nilivyomwomba: "Na kichwani pa Kalafi ameketi Bibi Heuifanga, kwa chaguo la Daktari Lupe!" — na hakuna aliyeitikia. Kwetu msemaji akitangaza, watu huitikia kwa shukrani. Hata mmoja! Mbwa alibweka tu.

Bibi Heuifanga alifika saa nne akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Ngatu na mikeka vilipakiwa kwenye gari lake. Wanasema alikuwa akisoma simu. Simlaumu. Alialikwa kwenye chakula cha mtu mwingine akala.

Lupe alikuja nyuma mara moja. Uso umekauka.

"Shangazi, unanifanyia nini?"

"Menya nami," nikasema. "Hapa ndipo pako. Wewe ni mtoto wa marehemu, wa chini kabisa. Mahali pa mkeka wako uliochanika ni hapa, si kule unakopokea wageni."

"Watu wanaona!"

"Ndiyo maana yake."

Aliondoka karibu akimbie. Jeneza lilipopita kuelekea makaburini nilikuwa nyuma ya wote, pamoja na wapishi. Sikumwona uso. Hilo nimelipa mimi. Sijui kama nitapata chenji.

Jumamosi, 11 Agosti

Mwili wote unauma. Nimelala hadi jua kali. Mlangoni nimekuta vikapu saba vya chakula, na hakuna aliyepiga hodi. Wananiogopa. Vizuri.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani. Lupe ndiye aliyepangiwa kusoma somo. Akapanda, akafungua mdomo — hewa! Akakohoa, akajaribu tena, ikatoka sauti ya mlango mbovu. Mchungaji akamsomea.

Kanisa zima liligeuka kunitazama. Zima! Niliendelea kujipepea.

Kila mtu hapa anajua: anayemkosea shangazi yake hushikwa kooni. Ni kweli? Alikesha akiimba usiku mzima kwenye baridi ya Agosti. Koo gani lingestahimili? Ningeweza kusimama na kusema hivyo. Mwalimu mzuri angesimama. Nilifikiria sentensi yenyewe, ilikuwa fupi na sahihi. Kisha nikaikalia.

Jambo hili nalifahamu kuliko wote waliokuwa mle kanisani. Madaraka hayahitaji fimbo palipo na watu wanaoamini. Anayeaminiwa kuwa na uwezo wa kudhuru hana haja ya kudhuru. Anahitaji kujipepea tu. Nimefundisha miaka thelathini kwamba vyeo hivi tumevitengeneza wenyewe. Bado naamini. Na leo nimevitumia. Je, nimejipinga? Labda. Sikuona sababu ya kuacha kujipepea.

Jumatano, 15 Agosti

Pisila amekuja na lu, ile nyama ya kopo ndani ya majani ya gimbi na tui, anayojua naipenda. Alikaa kwenye ngazi, hakutaka kiti.

"Wifi, mtoto hawezi kuongea. Daktari kampa vidonge, kasema ni mafua ya koo. Lakini wanawake wamekataa kusuka mapambo ya hafla. Wanasema hawamsukii mtu mwenye nywele za msiba."

Hapo ndipo nilipopangojea.

Desturi ni hii. Watoto wa marehemu hukaa na nywele wazi, bila kuchana, bila mafuta, hadi zikatwe baada ya siku ya kumi tangu kifo. Anayezikata ni fahu, yule aliyeketi kichwani. Bila hivyo msiba hauondoki mwilini, na mtu wa msiba haketi mbele ya watu. Lupe alimpa Bibi Heuifanga mto, ngatu na mikeka. Alisahau kwamba amempa na mkasi.

"Si amwite bibi yake?" nikauliza, kwa upole.

"Amempelekea mtu. Bibi amejibu kwamba yeye hakati nywele za watu wa kawaida." Pisila akafuta macho. "Wifi, unafurahi?"

"Ndiyo," nikasema. Kwa Pisila siwezi kudanganya.

Kisha akasema jambo ambalo limenifanya nisiile ile lu.

"Kalafi alikuulizia. Wiki ya mwisho. Alisema, 'Dada akija kuketi, mkeka uuelekeze dirishani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.' Mara mbili alisema. Lupe alikuwa ameshika mkono wake."

Kwa hiyo alijua. Si mimi tu niliyekuwa nangoja kiti kile. Na yeye alikuwa akiningoja, hadi akafikiria mwanga. Lupe alisikia hayo, akatoka nje, akampigia Bibi Heuifanga.

Hadi leo nilikuwa na hasira ya mwalimu. Hii ya sasa ni nyingine.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimewaita watoto wa msiba nyumbani kwangu. Kama aliyeketi hataki kukata, aliyezaliwa kukata atakata. Wamekuja mabinti wa binamu na Sosaia. Niliwakata ncha tu, upana wa kidole, nikawapaka mafuta ya nazi yenye maua, nikawabusu. Walilia, kisha wakacheka, ndivyo msiba unavyotoka.

Sosaia akapiga magoti akaniinamishia upara. "Haya Shangazi, kata. Nione elimu yako inaanzia wapi."

Nilimkata ndevu. "Utakatwa ulimi siku moja," nikamwambia.

"Ulimi nimemwachia Lupe, yeye ndiye anauhitaji."

Wote wakaangua kicheko. Kisha wakatazama getini. Hakuna mtu. Nafasi ya Lupe kwenye mkeka ilikuwa wazi, na mimi sikuruhusu mtu aikalie.

Mabinti wakauliza, akija utamkata kiasi gani? Ncha? Nikasema sijui. Nilidanganya. Najua mahali penyewe: shingoni, juu kidogo ya mfupa ule unaochomoza. Jumatano apande jukwaani mbele ya mtukufu na dada yake na bango lake lile, na kila mtu atakayemtazama asome kichwani pake nani ni nani.

Mkasi nimeunoa.

Jumapili, 19 Agosti

Kanisani hakuja. Nimemwombea Kalafi. Nilijaribu kumwombea na binti yake. Nilifika katikati ya sentensi.

Jumatatu, 20 Agosti

Amekuja.

Naandika naye akiwa hapa hapa. Nilikuwa mezani na daftari hili, nikasikia geti. Gari ameliacha barabarani, amekuja kwa miguu. Mkeka aliovaa ni mkuukuu kweli, umechanika ubavuni, unaburuta. Sijui aliupata wapi. Nywele zote zimemfunika uso.

Amepiga magoti kizingitini. Nimemwacha hapo nikaendelea kuandika. Najua ni ukatili. Nataka nijue ukatili wangu una urefu gani.

Amesema kitu. Nikamwambia, "Sikusikii."

Akasema tena, kwa mnong'ono: "Shangazi, naomba."

"Unaomba nini?"

"Nikate."

"Ulininukuu wiki ya tatu: mlango unahamishika. Uhamishe basi. Chukua mkasi ujikate."

Ametikisa kichwa. Machozi yamedondoka juu ya mkeka, nayasikia. Akanong'ona, "Nilisikia alichosema Baba. Juu ya dirisha. Nilidhani... nilidhani wewe utaelewa. Wewe ndiye unayeelewa kila kitu."

Hilo nimelifikiria kidogo. Huenda ni kweli. Wanaoelewa ndio hupokonywa kwanza, kwa sababu hutarajiwa kuelewa. Lingefaa kuwa somo. Nikamwambia, "Sogea. Geuka. Kabla ya mkasi kuna darasa. Lile ulilolifuta."

Amesogea kwa magoti hadi miguuni pangu, amenipa kisogo. Nimeanza na wiki ya kwanza. Nani ana haki ya kusema, na nani anatakiwa kusikiliza hata kama ana la kusema. Nimeeleza polepole, kwa mifano, kama zamani. Hana sauti ya kunikatiza. Amesikiliza. Mara moja aliinua mkono — aliinua mkono! kama mwanafunzi — kisha akakumbuka kwamba hawezi kuuliza, akaushusha.

Nimefika mwisho wa wiki ya kwanza. Mkasi uko kando ya kikombe. Nimezikusanya nywele zake zote kwa mkono wa kushoto. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Mfupa wa shingo nauona.

Nimezigawa ili nipate pa kuanzia, na utosi umejitokeza.

Vizunguko viwili. Kimoja kinakwenda kulia, kingine kushoto.

Miaka yote aliyokaa kwangu alijichana mwenyewe. Sikuwahi kumtazama kutoka juu. Nimeketi kichwani. Dirisha liko upande wangu, mwanga unatosha. Nimetazama muda mrefu, na hakuna wa kuniambia nisogee.

Anauliza kwa mnong'ono kama nimeanza.

Bado. Mkasi unataka mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio huu unaoandika. Naweka kalamu